Mtoto wa Fosta na Kodi ya Mapato Marekani: Hela Haziandikwi, Mtoto Anaandikwa

Zipo familia zetu huku Marekani zilizopokea watoto wakimbizi waliofika bila mzazi wala ndugu, kupitia mpango wa serikali kuu uitwao Unaccompanied Refugee Minors, ambao umekuwa ukiwapokea watoto kama hao tangu 1980. Zipo zilizopigiwa simu usiku zikaambiwa kwamba watoto wa dada wamechukuliwa na ustawi wa jamii na hawana pa kulala. Na zipo zilizotafuta leseni ya malezi kwa hiari yao, kwa kuwa chumba kilikuwepo na moyo ulikuwepo. Msimu wa ritani ukifika, wote hawa wana maswali mawili yaleyale: hela ninazolipwa kwa ajili ya mtoto huyu ni mapato? Na mtoto mwenyewe, nimwandike kwenye ritani yangu?

Kwa kawaida hela haziandikwi, na mtoto anaandikwa. Wako waungwana wanaoona haya hapo. Wanasema: nimepewa hela zisizotozwa kodi, kisha nidai tena nafuu ya kodi kwa mtoto huyohuyo, si ndiyo kula huku na huku? Sivyo. Hivyo ni vifungu viwili vya sheria vinavyojitegemea. Kimoja kinahusu fedha, kingine kinahusu nani anaishi chini ya paa lako, na hicho cha pili kimemweka mtoto wa fosta kwenye orodha moja na mtoto wa kuzaa. Nafuu hiyo imewekwa kwa ajili ya nyumba inayomlea mtoto. Ukiiacha kwa sababu ya haya, anayepungukiwa ni mtoto.

Viwango nitakavyovitaja ni vya mwaka wa kodi 2025, ambao siku ya mwisho ya ritani yake ni 15 Aprili 2026.

Hatua ya 1: Shika karatasi ya kukabidhiwa mtoto

Anza hapa kabla ya kugusa fomu yoyote. Kwa IRS, yaani mamlaka ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, mtoto wa fosta ni yule aliyewekwa kwako na shirika lenye mamlaka ya kuweka watoto kwenye familia, au kwa amri ya mahakama. Shirika linaweza kuwa idara ya jimbo au ya kaunti, au shirika binafsi lililopewa kibali. Unachotafuta ni barua au amri yenye jina la mtoto, jina lako na tarehe aliyowekwa kwako. Kama huna, mwandikie afisa wa ustawi anayemshughulikia mtoto umwombe nakala, na uandike kwa barua pepe ili ombi lako lenyewe libaki na tarehe.

Nasisitiza karatasi kwa sababu malezi yetu mara nyingi hayana karatasi. Mama anapata matatizo, anamleta mtoto kwako na begi lake, mnaelewana kwa maneno, miaka inapita. Ni malezi ya kweli, lakini mtoto huyo si wa fosta mbele ya sheria ya kodi, hata ukimlea miaka kumi.

Hiyo haimaanishi kwamba huwezi kumwandika. Angalia undugu. Mdogo wako, mjukuu wako, na mtoto wa kaka au dada yako, hata mkiwa mmechangia mzazi mmoja tu, wanahesabiwa kwa damu na hawahitaji barua ya shirika. Ugumu unaanza kwa mtoto wa binamu. Kwetu huyo ni mwanao, hakuna mjadala. Kwenye orodha ya IRS hayumo. Bila barua ya shirika au amri ya mahakama, mtoto wa binamu, wa jirani au wa rafiki anaweza kuwa mtegemezi wa daraja la pili tu, tena kwa masharti: awe ameishi nawe mwaka mzima, uwe umegharimia zaidi ya nusu ya matunzo yake, mapato yake yasifike dola 5,200, na asiwe na mtu mwingine mwenye sifa za kumwandika kama mtoto wake. Faida yake ni nafuu ya dola 500 basi.

Kwa hiyo kama unamlea mtoto wa binamu na kesi yake iko mahakamani au kwa ustawi wa jamii, omba kumlea kwako kuandikwe rasmi. Karatasi hiyo moja inaweza kubadilisha maelfu ya dola kila mwaka hadi atakapokuwa mtu mzima.

Hatua ya 2: Chambua hela ulizopokea

Kifungu cha 131 cha sheria ya kodi ya Marekani kinasema malipo ya malezi ya fosta yanayotoka kwa jimbo, kaunti au shirika lenye kibali, yanayolipwa kwa kumtunza mtoto nyumbani kwako, si sehemu ya mapato yako. Hayaandikwi popote kwenye Fomu 1040, ambayo ndiyo fomu yenyewe ya ritani. Hakuna mstari wake, hakuna kiambatisho chake. Hii inawasumbua watu waaminifu, wanaodhani kutoandika ni kuficha. Si kuficha, sheria yenyewe imeyatoa nje ya hesabu.

Yapo pia malipo ya ziada yanayotolewa kwa mtoto mwenye ulemavu wa mwili, wa akili au matatizo ya kihisia, anayehitaji uangalizi kuliko kawaida. Nayo hayatozwi kodi, mradi jimbo limethibitisha hitaji hilo na mlipaji ameyataja waziwazi kuwa ni ya kazi hiyo. Hapa kuna ukomo: hayazidi watoto kumi walio chini ya miaka 19, na watu watano wenye miaka 19 au zaidi. Malipo ya kawaida hayana ukomo kwa walio chini ya miaka 19, ila kwa waliofika 19 na kuendelea ukomo ni watano. Nyumba nyingi hazikaribii hata nusu ya hapo.

Yanayotozwa kodi ni machache, lakini yapo. Ukilipwa ili uweke kitanda wazi kwa ajili ya mtoto wa dharura ambaye hajafika, hayo ni mapato. Hela anazokupa mtu binafsi ili umtunze mwanawe haziingii kwenye kifungu cha 131.

Ikitokea shirika limekutumia fomu ya 1099, ile inayowaarifu IRS hela ulizolipwa, kwa malipo ya fosta, usiitupe. IRS wana nakala yake, na kompyuta yao italinganisha. Waombe shirika waisahihishe au waifute. Wasipofanya hivyo kabla ya siku ya mwisho, mpelekee mtaalamu akusaidie kuonyesha kiasi hicho kwenye ritani na kukiondoa kwa maelezo.

Jambo moja la kukumbuka: kwa kuwa malipo ya fosta si mapato, hayahesabiwi pia kama mapato ya kazi. Nyumba ambayo hela yake pekee ni ya fosta haitapata Earned Income Tax Credit, nafuu inayowahitaji watu wawe na mshahara au biashara. Usichanganye hapa na wale wanaolipwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kumtunza mgonjwa au ndugu mwenye ulemavu wanayeishi naye. Malipo hayo IRS iliyaweka kwenye kundi hilihili la yasiyotozwa kodi kwa tangazo lake la 2014, kisha mwaka 2019 Mahakama ya Kodi, katika kesi ya Feigh, ikakubali yahesabiwe kama mapato ya kazi kwa ajili ya nafuu. Wao wanaweza kuchagua kuyahesabu yote au kuacha yote. Mzazi wa fosta wa kawaida hana chaguo hilo.

Hatua ya 3: Mpime mtoto kwa masharti

Umri: awe chini ya miaka 19 mwaka unapoisha, au chini ya 24 kama ni mwanafunzi wa muda wote, au umri wowote kama ana ulemavu wa kudumu usiomwezesha kufanya kazi. Vijana waliobaki kwenye malezi baada ya miaka 18 wanaanguka mara nyingi kwenye sharti hili: mwenye miaka 20 anayesoma chuo muda wote anahesabiwa, wa umri uleule aliyeacha masomo akaenda kazini hahesabiwi.

Matunzo: hapa wengi hujikwamisha bure. Wanasema, jimbo ndilo linalomlisha, mimi sijatoa nusu ya gharama. Sharti halisemi hivyo. Linachouliza ni kama mtoto mwenyewe amejigharimia zaidi ya nusu ya matunzo yake kwa hela zake. Malipo ya jimbo au shirika huhesabiwa kuwa matunzo yaliyotolewa na jimbo au shirika, si na mtoto. Mtoto wa miaka saba hajajigharimia kitu, sharti limetimia.

Makazi: awe ameishi nawe zaidi ya nusu mwaka. Siku alizolazwa hospitali, alizokuwa kambini au shuleni huhesabiwa kama yuko nyumbani, maadamu kwako ndiko anakorudi. Na kwa mtoto aliyeletwa katikati ya mwaka, maelekezo ya Fomu 1040 ya miaka ya karibuni yana ahueni: anahesabiwa ameishi nawe zaidi ya nusu mwaka ikiwa kwako palikuwa makazi yake kwa zaidi ya nusu ya muda tangu alipowekwa kwako. Wapo waandaaji wa ritani wanaoendelea kumwambia mzazi wa mtoto aliyekuja Septemba kwamba amechelewa. Fungua maelekezo ya mwaka unaoujaza, usome sehemu ya muda wa kuishi pamoja kwa kila nafuu unayodai, kisha mwonyeshe.

Sharti la mwisho ni jepesi: mtoto asiwe ameoa au kuolewa na kujaza ritani ya pamoja na mwenzi wake.

Hatua ya 4: Pata namba ya Social Security mapema

Hapa ndipo ritani nyingi za wazazi wa fosta hukwama. Mtoto analetwa na mfuko wa nguo, kadi yake iko kwenye faili ofisini au kwa mama yake. Anza kuiuliza Novemba, usingoje Machi. Kwa nafuu kubwa namba hiyo lazima iwe inayoruhusu kufanya kazi, na iwe imetolewa kabla ya siku ya mwisho ya ritani. Mtoto mkimbizi hupata namba ya aina hiyo. Tangu 2025 na wewe mwenyewe, au angalau mmoja wenu mkijaza pamoja kama mume na mke, lazima awe nayo ili mpate Child Tax Credit, nafuu ya kodi kwa mwenye mtoto.

Aprili ikikaribia na namba haijapatikana, jaza Fomu 4868 uongezewe muda hadi 15 Oktoba. Muda unaoongezwa ni wa kujaza tu. Kama unadaiwa kodi, lipa makadirio yako kufikia 15 Aprili, la sivyo riba inaanza.

Hatua ya 5: Dai kila kinachokuhusu

Kama hujaoa wala hujaolewa na umebeba zaidi ya nusu ya gharama za nyumba, mtoto wa fosta anakupa daraja la mkuu wa kaya, Head of Household. Kiasi kisichotozwa kodi kinapanda kutoka dola 15,750 hadi 23,625.

Child Tax Credit ni hadi dola 2,200 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 17 mwaka unapoisha. Aliyetimiza 17 mwezi Desemba ameshatoka. Atakupa ile nafuu ya dola 500. Kama kodi yako ni ndogo kuliko nafuu, sehemu yake, hadi dola 1,700, inaweza kurudi mkononi kama fedha.

Earned Income Tax Credit kwa mwaka 2025 inafika dola 4,328 kwa mtoto mmoja, 7,152 kwa wawili, 8,046 kwa watatu au zaidi, na hupungua kadiri mshahara unavyopanda. Anayeidai asitarajie marejesho kabla ya katikati ya Februari, hata akijaza siku ya kwanza; sheria ya 2015 inawazuia IRS kuyatoa mapema.

Ukimlipa mtu au kituo kumwangalia mtoto wa chini ya miaka 13 ili wewe uende kazini, Fomu 2441 inakuruhusu kuhesabu hadi dola 3,000 za gharama hizo, au 6,000 kwa watoto wawili na kuendelea, na unapata asilimia 20 hadi 35 yake kulingana na mapato. Gharama aliyolipa jimbo usiihesabu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja asiye na mume, mfanyakazi wa ghala huko Columbus, Ohio, alipata mshahara wa dola 36,000 mwaka 2025. Tangu Januari analea mtoto wa fosta wa miaka tisa, na kaunti inamlipa dola 800 kwa mwezi, yaani 9,600 kwa mwaka.

Akiacha kumwandika mtoto, anadaiwa kodi ya kama dola 2,190. Akimwandika kama mkuu wa kaya, kodi inashuka hadi kama 1,240. Child Tax Credit inaifuta yote na kumrudishia kama 960, na Earned Income Tax Credit inamwongezea kama 2,300. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni karibu dola 5,450.

Sasa tuseme amemwandika mtoto, lakini kwa uaminifu wake akaongeza zile 9,600 kwenye mapato. Kodi inapanda kwa zaidi ya dola 1,000, Earned Income Tax Credit inapungua kwa zaidi ya 1,500. Amepoteza zaidi ya dola 2,500 kwa kuandika kitu ambacho sheria haikumtaka aandike.

Mzazi wa damu naye akimwandika

Hutokea sana. Ritani yako ya mtandaoni inakataliwa kwa sababu namba ya mtoto imeshatumika. Usiogope na usimpigie mtu simu kwa hasira. Mara nyingi mama wa mtoto amefanya alivyofanya kila mwaka, hajui kwamba sharti la makazi limebadili mambo. Unahitaji uhusiano mwema na huyo mama kwa sababu ya mtoto.

Kisheria, mzazi na mlezi wakitimiza masharti wote wawili, mzazi ndiye mwenye haki. Lakini mzazi ambaye mtoto hakuishi naye zaidi ya nusu mwaka kwa kawaida hatimizi masharti. Wenye hali ngumu ni wale ambao mtoto alirudishwa kwao katikati ya mwaka. Hapo hesabuni siku kwa tarehe za mahakama, msikadirie.

Omba IP PIN, namba ya siri ya tarakimu sita kutoka IRS. Tangu msimu wa 2025, ritani yenye namba hiyo hupokelewa mtandaoni hata kama mtoto ameshaandikwa na mwingine. Bila hiyo, chapisha ritani uitume kwa posta. Baadaye huenda nyote mkapata barua ya CP87A inayowataka mjikague. Mwenye haki haandiki ritani mpya, anatunza ushahidi. Faili lako liwe na barua ya kukabidhiwa mtoto, rekodi za shule zenye anwani yako, na za kliniki zenye tarehe za mwaka huohuo.

Mengine mawili

Ukitumia zaidi ya unacholipwa, ziada ya hela yako mwenyewe kwa chakula, nguo na matunzo inaweza kuhesabiwa kama sadaka, ikiwa shirika linalostahili ndilo lililomchagua mtoto na wewe hulei kwa faida. Lakini inawasaidia wanaoorodhesha makato yao kwenye Schedule A tu, na wengi wetu hatufiki huko.

Kuasili ni habari nyingine, na ni kubwa. Mtoto aliyetoka kwenye malezi ya fosta ambaye jimbo limemtaja kuwa mwenye mahitaji maalumu hukupa nafuu ya kuasili yote, dola 17,280 kwa mwaka 2025, hata kama hukutumia senti kwa mwanasheria. Kwa lugha ya majimbo, mahitaji maalumu si lazima yawe ulemavu. Umri, au kuwa kundi la ndugu wasiotenganishwa, mara nyingi hutosha. Tangu 2025 hadi dola 5,000 za nafuu hiyo hurudishwa hata kwa asiye na kodi, na inayobaki inasogezwa mbele miaka mitano. Fomu ni 8839. Pata barua ya jimbo inayotaja hali hiyo siku mnapomaliza mahakamani, maana baada ya faili kufungwa kuitafuta ni kazi.

Nani akujazie

Mkimbie mwandaaji anayeahidi marejesho kabla hajaona karatasi zako, au anayedai asilimia ya marejesho hayo. Ritani ni yako hata akiijaza yeye. IRS wakiona Earned Income Tax Credit ilidaiwa kwa kutojali masharti, wanakufungia miaka miwili. Kwa udanganyifu, kumi. Vituo vya VITA, mpango wa IRS wa watu wanaojitolea, hujaza bure kwa watu wa kipato cha chini na cha kati, na namba 800-906-9887 itakuonyesha kilicho karibu. Uliza kama wana mkalimani wa Kiswahili, na useme mapema kwamba una mtoto wa fosta ili upangiwe mwenye uzoefu.

Kama umesoma hadi hapa ukagundua kwamba mwaka jana au juzi uliandika hela za fosta kama mapato, au ulimwacha mtoto nje, Fomu 1040-X inakuruhusu kurekebisha ndani ya miaka mitatu tangu ulipojaza ritani hiyo. Jaza moja kwa kila mwaka, ambatisha barua ya kukabidhiwa mtoto yenye tarehe ya mwaka husika, na anza na mwaka wa zamani zaidi, kwa kuwa huo ndio utakaofungwa kwanza.